Dorika Ashika Plau

Zefania wa Misigiri aliporudi kutoka shule ya bweni, wanawake walimcheka mpaka wakashika mbavu. Kijana mzima alikuja kisimani, akajitwika mtungi kichwani na kuondoka nao bila kumwaga tone. "Huko walimsomesha au walimwoza?" waliulizana.

Shule yenyewe ilikuwa ya aina yake. Darasa lilikuwa na paa siku za mvua tu. Siku nyingine somo lilikuwa shambani, zizini, au juu ya kilima. Wavulana walilima kwa maksai, walijenga vibanda vyao, walisaga mtama wao wenyewe. Sheria ilikuwa moja: aliyekula afanye kazi iliyo mbele yake. Mama zao hawakuwapo, na tumbo tupu halijui mila.

Zefania alioa, Mungu akampa mabinti tu, naye akaileta sheria ile nyumbani kama ilivyo. Dorika, kifungua mimba, aliwafunga maksai nira kabla hajajua kusuka ukili. Watu walivumilia. Kuongoza ng'ombe, sawa. Lakini kushika plau yenyewe kulikuwa kazi ya mwanamume, kwa maana ilisemwa kwamba mwanamke akishika plau, mbingu hufunga mvua.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza ingali inapepea bomani Kiomboi, Zefania alipanda juu ya paa la udongo la tembe lake kuziba panapovuja. Akateleza, akaanguka, akavunjika mguu. Wiki hiyohiyo mvua ya kwanza ikanyesha.

Kaka yake, Mzee Simeoni, alikuja kumpa pole. "Nitawalimia nikimaliza kwangu," alisema. Dorika aliyajua mashamba ya baba yake mkubwa. Yangekwisha kulimwa wakati mvua nayo imekwisha, na wao wangekula nini?

"Baba," alisema usiku ule, "niache nikalime."

Zefania aliyebeba mtungi mbele ya kijiji kizima, sasa aliogopa midomo ya watu. "Mwanangu, mvua ikikatika watasema ni wewe."

"Shuleni kwenu aliyekula alifanya kazi. Mimi nimekula, baba."

Asubuhi Dorika alikuwa shambani, mbele ya nyumba. Hakulima kuteremka kilima kama wengine; alikata matuta ubavuni, kukingama mteremko, kama baba yake alivyofundishwa. Alikuwa bado mwanzoni Mzee Simeoni alipofika na fimbo na kusimama mbele ya maksai.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Achia hiyo plau."

Dorika hakuachia. Ndipo sauti ikatoka mlangoni kwa tembe, ambako Zefania alikuwa amejikokota kwa makalio. "Kaka, wapishe ng'ombe! Huyo nimemtuma mimi. Kama ni laana, iwe juu yangu."

Mzee Simeoni alitema mate, akapisha. Dorika akalima mpaka jua kali, kifua kimemjaa fahari hata akasahau malengelenge.

Basi mvua ikakatika kweli. Jua likawaka, mtama ukajikunja kijiji kizima, na kila aliyepita alilitazama tembe la Zefania kwa jicho baya. Dorika hakwenda kisimani mchana. Alilia, tena sana, akidhani amewaponza watu.

Lakini shamba lake lilikuwa limeyakamata yale maji ya kwanza, matuta yakayashika yasiporomoke bondeni. Mvua iliporudi, mtama wa wengine ulikuwa umekonda. Wake ulisimama na kutoa masuke mazito.

Wakati wa mavuno Mzee Simeoni alikuja. Akauzunguka mtama, akachimba tuta kwa kidole, wala hakumwendea ndugu yake aliyekaa mlangoni. Alimwendea binti.

"Dorika. Msimu ujao utaanza kulima kwangu."

"Nitakuja, baba mkubwa. Lakini plau atashika Felista, mimi nitamwelekeza."

Felista alikuwa binti yake Simeoni mwenyewe. Mzee aliinamisha kichwa, akakuna kidevu. Kule mlangoni Zefania alishindwa kuficha tabasamu.

"Basi usimwonee huruma," Simeoni alisema. "Huyo ni mvivu wa kuamka."