Jumapili Tatu za Mama Paulina

Siku ya kwanza kazini Mbulu, enzi za Mwingereza, nilipewa kaptula ya kaki na kisanduku cha bandeji. Nilikuwa dresa, msaidizi wa tiba anayesafisha vidonda. Lakini Sista Mkuu wa zahanati ya misheni alinionyesha pia viti viwili dirishani.

"Wengine hawaumwi mwili. Wakalishe hapa. Usihubiri. Sikiliza mpaka wamalize."

Tuliiita kazi ya kiti. Siku hizi wanasema tiba ya mazungumzo. Niliifanya Mbulu, kisha Hirbadaw, na nilipohamishiwa Tumati nilijiona fundi.

Huko akaja Mama Paulina, Mkristo asiyekosa ibada. Alifiwa na mtoto wake mkubwa. Wazee walitaka akae metimani, desturi yetu Wairaqw: aliyefiwa na mtoto hujitenga, hashikani mikono na mtu, msiba usije ukawafuata wengine. Katekista akamkataza, naye akatii. Tangu hapo hakumgusa mtoto wake mchanga. Bibi yake mtoto alimlisha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na mtoto alizidi kukonda.

Kabla hajamaliza kunieleza, nikamkatiza. "Mama, Yesu ameshinda hayo. Mshike mtoto."

Akainuka. "Hayo katekista ameshaniambia. Nilisikia kwako kuna kiti."

Sista alipokuja ukaguzi nilikiri. Akasema, "Basi tuna makatekista wawili na dresa hatuna. Mfuate."

Nilikaa uani kwake, mbali kidogo, kimya, mpaka jua likageuka.

"Si woga," akasema hatimaye. "Watoto wote wa hapa wakifa, mama zao huwakalia metimani. Wangu nilimzika, Jumapili nikaimba."

"Ungemkalia vipi?"

"Jumapili tatu. Kanisani, benchi la nyuma. Mtu asinishike mkono."

Nilipompelekea ombi hilo, katekista aliwaka. "Dresa, unaleta metimani kanisani?"

"Mwalimu, si bora akae kwenye benchi lako kuliko porini?"

Akacheka bila kupenda, akakubali.

Jumapili ya nne, katekista mwenyewe alitangulia kumpa mkono. Wakafuata wote, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa bibi, na mtoto. Mama Paulina akafuta viganja kwenye kanga, akampokea. Mtoto akaanza kutafuta ziwa.

Niliacha kazi nikiwa na miaka arobaini na kitu, na miguu yangu haijatulia tangu hapo. Kila nikipita Tumati huingia kanisani, nikakaa benchi lile. Dawa zote za kisandukuni nilijua zinavyofanya kazi. Ile ya benchi siijui hadi leo.