Kijiko cha Mzee Kalisto na Bakuli la Peremende

Siku yangu ya kwanza jikoni sikupewa kisu wala mwiko. Nilipewa vikombe vitatu vya maji. Mpishi Mkuu wa nyumba ile ya wageni, Mzee Kalisto, alivipanga mezani, akanipa kijiko, akaniambia nionje nimwambie kipi kina chumvi nyingi, kipi kidogo, na kipi hakina kabisa. Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimetoka Mpimbwe kwenye majaruba ya mpunga ya baba yangu, nimevaa gauni la kanisani, nikidhani upishi ni kukoroga tu. Nilikosea. Akanipeleka kuosha masufuria, na vikombe vile nikavionja kila asubuhi kwa miezi mitatu mpaka nilipoacha kukosea.

Nyie mnaojifunza upishi siku hizi mnaanza na picha kwenye simu. Sawa, kila watu na zama zao. Sisi tulianza na ulimi. Nyumba yetu ilikuwa hapa Mpanda mjini, upande wa Kashaulili, mali ya shirika moja la dini, na wageni wake walikuwa mapadre, madaktari na wazungu waliopita kwenda hifadhini. Juu kabisa alikuwa Sista Msimamizi, mama wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kitabuni. Chini yake Mpishi Mkuu, kisha Mpishi Msaidizi, kisha sisi waosha vyombo. Na sheria ya jiko ilikuwa moja: chakula hakivuki mlango wa ukumbi wa kulia bila Mpishi Mkuu kukionja. Akishakionja ni chakula chake. Kikiharibika anaulizwa yeye, hata kama mkono uliokipika ni wako.

Mwaka wa tatu nilipelekwa jiko la hospitali, ambako nilijifunza kupika bila chumvi kwa wagonjwa wa presha. Niliporudi nilipewa cheo cha Mpishi Msaidizi. Kwa miaka mingi nilifanya kazi bega kwa bega na Mzee Kalisto, na sijaona mpishi kama yule. Alikuwa akifunua sufuria la maharage na kusema, bila kuonja, kwamba kitunguu kimewekwa kabla mafuta hayajapata moto. Hakuwa mtu wa kusifu. Ukifanya vizuri hakusema kitu, ukikosea alikuita kwa jina lako lote la ubatizo.

Halafu ikaja ajali. Masika fulani alikuwa akirudi kwake Kasokola kwa baiskeli, gurudumu likateleza kwenye tope, akaanguka akapiga kisogo. Alilazwa wiki nzima. Aliporudi kazini tulifurahi kweli, maana alitembea vizuri na akili zake zilikuwa timamu. Siku ya pili yake maharage yaliungua nyuma ya mgongo wake, moshi unanuka jiko zima, naye amesimama pale pale anakata vitunguu wala hageuki.

Niliyaepua mimi. Tukatazamana. Aliniita stoo, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba pua yake imekufa. Hasikii harufu ya kitu chochote, na ladha nayo imeondoka pamoja nayo. Nyama na ugali kwake vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na kazi ile ndiyo iliyokuwa jina lake mjini. Hata wasiomjua walimwita Mpishi Mkuu.

Basi nikawa ulimi wake. Tuliwekeana alama. Mimi nilionja kwanza kwa siri, kisha nikagonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria. Mara moja: iko sawa, kipeleke. Mara mbili: bado, ongeza. Mara tatu: imezidi, simamisha. Naye alichota mbele za watu, akaonja kwa heshima zake zote, akatoa amri kama zamani. Tulienda hivyo zaidi ya mwaka na hakuna aliyejua. Aliniambia mara moja tu neno ambalo sijalisahau: “Yustina, usinionee aibu. Siku ukinidanganya, mimi sina kitu kingine.”

Ikafika Noeli. Mvua za mwezi ule zilikuwa zimelipasua tanuri letu la matofali, na fundi alisema lisiwashwe mpaka likauke. Hapakuwa na keki ya Krismasi. Sista Msimamizi akaja na daftari lake, akatusomea kitu kisichopita tanurini: kitamutamu cha peremende, kizito kama uji, kinawekwa kwenye bakuli moja katikati ya meza na kila mtu anachovya biskuti yake. Mzee Kalisto aliguna. Sisi jikoni tukakipa jina la “ya kuchovya”.

Niwaelekeze, maana ni kazi nzuri. Sista alitaka jibini laini, ambayo Mpanda nzima hukuipata. Nilichukua maziwa ya Wasukuma, nikayachemsha, nikayaacha yapoe mpaka uvuguvugu, nikatia kijiko cha mtindi wa jana. Yalipoganda niliyamimina kwenye kitambaa cha chachi, nikakifunga na kukining'iniza kwenye msumari juu ya beseni kutwa kucha. Maji yakachuruzika, kikabaki kitu kizito cheupe. Sukari niliitwanga kwenye kinu na kuichekecha mpaka ikawa unga. Krimu ya kopo, iliyokuja na treni ya Tabora, niliipiga kwa mchapo wa mayai mpaka ikasimama yenyewe. Nikachanganya vyote polepole. Mwisho kabisa ni arki ya peremende, yaani ile dawa kali ya harufu inayouzwa kwenye kichupa kidogo. Matone matatu, basi. Nikaliweka bakuli kwenye friji la mafuta ya taa, na peremende ngumu nikazisagia pembeni ili zinyunyizwe juu wakati wa kupeleka.

Asubuhi ya Noeli Mzee Kalisto alikuwa ameshasali misa ya mkesha, kwa hiyo mimi nilikwenda ya asubuhi. Nilimwachia jambo moja tu, kunyunyiza. Niliporudi, harufu ya peremende ilinipokea mlangoni kabla sijavua kitenge. Mzee Kalisto alikuwa amesimama na kijiko mkononi, machozi yanamtoka. Kichupa cha arki kilikuwa mezani, kimebaki nusu.

“Yustina,” alisema, “naisikia. Imerudi.”

Nikaelewa papo hapo. Alikuwa ameonja kama sheria inavyotaka, na ule ubaridi wa peremende ukamgusa ulimi. Ubaridi hauhitaji pua. Yeye, aliyekaa zaidi ya mwaka bila kusikia kitu kinywani, akadhani ladha imemrudia. Akaongeza tone asikie zaidi, akaongeza jingine. Nilichota kidogo nikaonja. Ilikuwa kali kama dawa ya kuchua, ikanichoma mpaka masikioni. Ukumbini wageni walikuwa wamekwishaketi.

Alinitazama akisubiri kijiko changu. Nilijua kabisa ninachotakiwa kufanya. Kugonga mara tatu, kuliweka lile bakuli kando, kupeleka mapapai na biskuti, na kumwambia taratibu kwamba bado. Lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ajali. Moyo ulinishinda. Niligonga mara moja.

Alilibeba bakuli mwenyewe. Dakika chache baadaye tulisikia kikohozi ukumbini, kikafuata kingine, kisha viti vikiburutwa. Sista Msimamizi akaingia na bakuli, uso mwekundu, hakupandisha sauti. Aliuliza kile kinachoulizwa siku zote.

“Nani ameonja hiki?”

Nilifumbua mdomo niseme ni mimi. Mzee Kalisto alikuwa ananitazama. Niliona akinitazama, akilitazama bakuli, akakitazama kijiko changu, na mambo yote yakajipanga kichwani mwake kwa mara moja.

“Nimeonja mimi, Sista,” akasema. “Sina pua tangu nianguke. Nimekuficha.”

Akavua aproni, akaikunja mara nne kama alivyotufundisha, akaiweka mezani. Sista hakuwa mtu mbaya. Alimwambia yapo mambo mengine ya kufanya, bustani ipo. Mzee alishukuru akakataa. Nilimfuata mpaka kwenye baiskeli yake, naye akasema neno moja tu.

“Uligonga moja, Yustina.”

Akaondoka. Mwezi haukuisha nikapewa cheo chake.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Watu walisema nimemchimba mzee wa watu ili nikalie kiti chake, na waliosema hawakukosa ushahidi, maana cheo nilikuwa nacho. Hayo niliyavumilia, mimi si mtu wa kuogopa midomo. Kilichonila ni kutojua kama yeye naye alisema hivyo. Kasokola si mbali, ni mwendo wa baiskeli tu. Sikwenda. Wiki ya kwanza niliona aibu, mwaka wa kwanza nikaona nimechelewa, na baada ya hapo nikawa ninapita njia nyingine.

Nilikuwa Mpishi Mkuu pale kwa miaka mingi, nikahamishiwa shule ya bweni ambako nilipika ugali wa watoto mia nne kwa miiko mirefu kama makasia, na huko ndiko nilikostaafia. Waliniaga kwa hotuba na khanga mbili. Mkuu wa Shule alisema mimi ni mpishi asiyedanganya, maana niliwapanga wasaidizi wangu kwa vikombe vitatu vya maji na sikumpendelea mtu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama chini.

Ukistaafu mikono inakosa kazi, na kichwa kinapata nafasi ya kufanya ya kwake. Siku moja kabla ya Noeli iliyopita niliamka, nikaning'iniza mtindi kwenye chachi. Arki ya peremende siku hizi iko madukani Kashaulili, huhitaji kungoja treni. Kesho yake nikachanganya, nikafunga vitu vyangu na biskuti kwenye kapu, nikapanda bodaboda mpaka Kasokola.

Mzee Kalisto ni mzee sana sasa, macho yake hayaoni vizuri, anaishi na binti yake. Alinitambua kwa sauti. Tulisalimiana, tukaulizana wa nyumbani, binti yake akaleta chai. Chai ilipoisha nikaona nikingoja nitarudi na jambo hili moyoni tena, nikasema.

“Mzee, siku ile nilikudanganya. Lakini sikutaka nafasi yako. Nilikuonea huruma.”

Alikisukuma kikombe chake kando.

“Nafasi sikuiwaza hata siku moja,” akasema. “Nilijua ni huruma. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimekuomba ulimi, mwanangu, siyo huruma.”

Nililia, sina cha kuficha. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akauliza kuna nini kwenye kapu. Nikampa bakuli, nikatia matone matatu, nikampa kijiko. Alionja, akagonga ukingo mara mbili. Nikaongeza. Akaonja, mara mbili tena. Nikaongeza na kuongeza, mpaka harufu ikamtoa binti yake jikoni. Alionja, akafumba macho, akagonga mara moja. Kisha akanisogezea bakuli.

Nilichota, nikaonja. Ilinichoma vile vile kama siku ile. Alikuwa ameinamisha sikio upande wangu, anasubiri. Nikagonga mara tatu.

“Haya,” akasema Mzee Kalisto. “Basi hili ni langu.” Akalivuta bakuli kwake, akachovya biskuti, akaendelea kula.