Zege la Wageni

Chwaa!

Ndoo nzima ya maji, iliyomiminwa kwa mkupuo mmoja ndani ya mashine ya kuchanganyia zege. Aliisikia akiwa amechuchumaa, amewapa mgongo wenzake, akifuta saruji iliyoganda kwenye kingo za kalibu za chuma. Ilikuwa saa nane mchana, jua limekaa juu ya utosi, na maji ya mchanganyiko ule yalikuwa yamekwishapimwa na kutiwa. Hakuna ndoo nyingine iliyotakiwa. Alijua hivyo. Akaendelea kufuta.

Leo ni siku ya kumi na nne, na sauti ile haijamtoka masikioni.

Pale saiti wanamwita Kalamu. Siku yake ya kwanza aliitafuta kalamu yake ghorofa nzima, akainamia mpaka kwenye rundo la kokoto, kumbe ameichomeka kwenye nywele. Ana miaka ishirini na minne na shahada ya uhandisi wa ujenzi ambayo haijatimiza mwaka. Kazi yake ni kuhesabu nondo kabla zege halijamwagwa, kupima, kujaza zege la sampuli kwenye kalibu, vile visanduku vya chuma ambavyo vipande vyake huenda kuvunjwa maabara ili nguvu ipimwe, na kuandika fomu. Yuko kwenye majaribio ya miezi sita. Miezi sita inaisha Ijumaa, na leo ni Jumatano.

Kati ya wahitimu arobaini wa darasa lao, waliopata kazi ni watatu. Kundi lao la simu wamelipa jina la Wahandisi wa Barazani. Kila akituma picha ya jengo, mmoja hujibu, "Mheshimiwa, nifikirie hata kubeba mchanga." Kalamu hucheka, lakini huifunga simu haraka, kama mtu anayefunika chungu ili mvuke usimpige usoni.

Jioni hujenga madaraja. Huyajenga kwa njiti za fagio, gundi na uzi, juu ya ncha ya meza ya shangazi yake, fundi cherehani aliyempa chumba cha kukaa. Daraja likikauka huliweka kati ya viti viwili na kuliongezea mawe aliyoyapima, moja baada ya jingine, mpaka livunjike. Kisha huandika ukutani kwa penseli: kilo nne na nusu. Kilo saba. Kilo tisa na robo. Hakuna anachokipenda kama ile subira kabla ya kuvunjika, pale njiti zinapoanza kulia kwa sauti nyembamba na yeye hapumui.

"Umesoma miaka yote hiyo," shangazi humwambia, "uje unimalizie mifagio?"

"Nitakununulia mwingine, shangazi."

"Wa saba huo. Nimehesabu. Mimi sikusoma uhandisi lakini kuhesabu najua."

Basi Jumatano hiyo, saa kumi alasiri, fomeni aliwakusanya watu nyuma ya jengo. Huyu ni mzee mwembamba, mkavu kama ubao wa mwaka juzi, na jina lake la saiti ni Timazi, kwa sababu hutembea amenyooka wima hata akiwa na mfuko wa saruji begani. Ndiye aliyemfundisha Kalamu mambo ambayo chuo hakina: namna ya kupanda ngazi ya mbao na karatasi mkononi, namna ya kumkatalia fundi bila kumtia aibu mbele ya wenzake. Ndiye pia aliyemfundisha habari ya zege la wageni.

"Mchanganyiko wa kwanza wa asubuhi," alimwambia mwezi ule wa kwanza, "ule tunaupika kwa adabu. Kokoto zimeoshwa, maji kwa kipimo, watu hawajachoka. Hilo ndilo zege la wageni. Linajaza kalibu, linakwenda maabara, linatuletea sifa. Baada ya hapo tunakula zege la nyumbani."

Watu wakacheka. Kalamu naye akacheka, kwa sababu alikuwa mgeni na kicheko kilikuwa mlango. Fomu ilitaka sampuli zitoke kwenye michanganyiko mitatu tofauti: mwanzo, katikati na mwisho wa kazi. Waliomtangulia wote walijaza kalibu zao asubuhi, wakaandika walivyotakiwa kuandika. Na yeye, siku ile ya ndoo ya maji, alijaza kalibu zote tisa kwa mchanganyiko wa kwanza, kisha akaandika: wa kwanza, wa kumi na mbili, wa ishirini. Akasaini kwa mwandiko mzuri.

Maabara wakavunja vipande vitatu siku ya saba. Majibu yakaja mazuri mno. Bosi, mhandisi mkuu, akaigonga meza kwa kiganja na kusema, "Safi!"

"Kesho saa mbili," Timazi alisema sasa, "tunatoa mirunda ya kibaraza. Bosi kaona karatasi ya maabara, karidhika."

Watu wakapiga makofi. Kibaraza cha nyuma kimetokeza mita moja na nusu nje ya ukuta, hakina nguzo chini yake, na kwa siku zote hizo kimebebwa na mirunda kumi na minane, miti iliyosimamishwa kukiegemeza. Mirunda ikitoka, pale chini patakuwa na kivuli, na watu walikuwa wamechoka kula juani.

"Nani anaanza?" mmoja aliuliza kwa utani, maana jibu wote walilijua.

"Mimi, kama kawaida," Timazi alisema. "Siwezi kumtuma mtoto wa mtu mahali ambapo mimi mwenyewe siendi."

Huo ndio utaratibu wake. Mrunda wa kwanza huugonga kwa mkono wake, akiwa chini ya zege, peke yake.

Kalamu aliinua macho kutazama juu. Kibaraza kile ndicho kilichomwagwa mwisho siku ile, baada ya ndoo.

Alifika nyumbani kabla jua halijazama. Daraja jipya lilikuwa limekauka mezani, zuri, lenye matao mawili. Mawe yalikuwa pale. Hakuyagusa. Alichukua kipande cha karatasi ya mitindo ya shangazi, akapiga hesabu nyuma yake. Mfuko mmoja wa saruji. Lita ishirini na tano za maji zinatosha. Ongeza ndoo ya lita ishirini. Akapiga tena. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: nguvu ya zege inaporomoka chini ya nusu.

Labda ndoo ile ilikuwa ya kuoshea mashine. Labda haikujaa. Labda ilikuwa moja tu. Lakini hapo alijikamata mwenyewe, maana ukweli ni kwamba alisikia mara moja kwa sababu baada ya hapo aliondoka. Alijitia hamnazo, akaenda upande wa mbele kuhesabu nondo ambazo alikwisha kuzihesabu.

"Shangazi," alisema, "ukimshonea mtu nguo, akaivaa akaondoka, halafu ukakumbuka kuna mshono haukushika, utafanyaje?"

Shangazi hakuinua macho kwenye cherehani. "Inategemea mshono uko wapi. Wa mfukoni, nanyamaza. Wa nyuma ya suruali, namkimbilia barabarani!"

Kalamu alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani.

Cherehani ikanyamaza. "Una nini wewe?"

"Nimechoka tu."

"Mchovu hali kucha zake. Tazama vidole vyako."

Akavificha chini ya meza. Aliifungua simu, akamwandikia bosi mistari miwili, akaifuta. Akaandika mmoja, akaufuta. Ijumaa ilikuwa karibu kiasi kwamba angeweza kuigusa. Akaingia kulala bila kula, akijiambia kwamba asubuhi atapata maneno.

Asubuhi hakuyapata. Saa mbili kasoro robo watu walikuwa wameshasimama nusu duara nyuma ya jengo, mikono viunoni. Timazi alikuja na nyundo kubwa begani.

"Kalamu! Mbona macho mekundu? Yale madaraja yako yamekunyima usingizi?"

"Daraja gani, fomeni?" mchanganya zege alidakia. "Huyo kapata mhandisi mwenzake!"

Kicheko kikaruka. Kalamu akajaribu kutabasamu, mdomo ukagoma. Mchanganya zege ndiye aliyesimama kwenye mashine siku ile; alikuwa anacheka kwa meno yote, mtu asiye na jambo moyoni. Na huenda hakuwa nalo. Zege zito linavunja mgongo, maji yanalilainisha. Hakuna aliyewahi kumwambia zaidi ya hapo. Aliyepaswa kumwambia ni Kalamu.

Timazi aliinama akaingia chini ya kibaraza. Akaenda mpaka ukingo wa nje, kwa mrunda wa pembeni kabisa. Kila mrunda umekalia kabari ya mbao. Ukiitoa kabari, mrunda unalegea. Akatema mate viganjani. Akapima kwa jicho. Akagonga.

Ko!

Kabari ilisogea kidogo, na vumbi jembamba likashuka kutoka juu, likamkalia kwenye kofia.

Kalamu hakukumbuka baadaye jinsi miguu yake ilivyoamua. Alichojua ni kwamba alikuwa chini ya zege, mikono yote miwili imeukumbatia mrunda, shavu lake likigusa gome.

"Toka hapo!" Timazi alifoka. "Una wazimu?"

"Usigonge, baba."

"Nimesema toka, mwanangu. Hapa si mahali pa mchezo."

"Ukibaki wewe, nabaki na mimi."

Kule nje kicheko kilikatika. Timazi aliishusha nyundo taratibu mpaka ikagusa ardhi. Alimtazama usoni kwa muda, kisha akatazama juu, kisha akamtazama tena, na sauti yake iliposhuka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Umeona nini?"

"Sikuona. Nilisikia. Waliongeza maji mchana ule. Na kalibu zangu zote ni za asubuhi. Ile karatasi ya maabara si ya kibaraza hiki."

Mzee alishusha pumzi ndefu kupitia puani. Hakuuliza maji kiasi gani. Akamshika mkono, akarudishia kabari kwa kisigino cha kiatu mpaka ikakaza, na wote wawili wakatoka kwa kuinama.

"Sikiliza," Timazi alimnong'oneza, akimvuta pembeni. "Bosi anakuja, lile gari lake limeshaingia getini. Sema umeona ufa. Sema lolote. Tunaacha mirunda mwezi mzima, zege litajikaza lenyewe. Ijumaa yako inapita salama. Na mimi, mwanangu, nimebakiza miaka miwili tu nistaafu."

Ulikuwa mlango mzuri, na ulikuwa wazi. Kalamu aliutazama. Lakini zege lililokunywa maji mengi halipati nguvu kwa kungojewa. Mwezi ukiisha litakuwa dhaifu vile vile, na juu yake watasimama watu wasiojua lolote, na chini yake watu watakaa kivulini wakila.

"Halitajikaza, baba," alisema.

Timazi akavua kofia, akaanza kupangusa vumbi lake kwa ncha ya shati, akipangusa mahali pale pale.

Bosi alikuja kwa hatua ndefu, kofia nyeupe, simu sikioni. Aliikata alipoona mirunda yote imesimama.

"Saa mbili na nusu hii. Nani kasimamisha kazi?"

Mchanganya zege akajikuna shingo. Nyuma ya watu jenereta ilikuwa inanguruma. Timazi alipiga hatua moja mbele, tayari kusema, na Kalamu akamtangulia.

"Mimi."

"Wewe? Kwa idhini ya nani? Majibu ya maabara si wewe uliyeyaleta mezani kwangu?"

"Ndiyo, bosi. Vipande vilikuwa vya mchanganyiko mmoja. Wa kwanza."

"Fomu inasema mitatu."

Kalamu akasema kitu, na jenereta ikakimeza.

"Sisikii!" bosi alisema, akikunja uso. "Zimeni hicho kidude!"

Mtu akakimbia. Ngurumo ikashuka, ikakohoa, ikafa, na ghafla nyuma ya jengo pakawa kimya kiasi kwamba kila mtu aliweza kusikia nguo za mwenzake. Bosi akamsogelea, akainamisha sikio.

"Sema tena. Fomu inasema mitatu."

Alikuwa na nafasi sasa ya kusema kwa sauti yoyote aitakayo. Aliitumia ile ndogo kuliko zote.

"Niliandika uongo."