Mpishi Mkuu Aliyeomba Kushushwa Cheo

Mwaka 1984, katika hoteli moja ya ufukweni Malindi, mpishi mkuu aliandika barua ya kuomba ashushwe cheo. Jina lake Simeon Menza, mzaliwa wa Matsangoni, na cheo chenyewe alikuwa amekikalia miezi tisa tu.

Kabla ya hapo alikuwa mwoka mikate, kwa miaka kumi na mmoja. Aliingia jikoni alfajiri, akakanda unga, akauacha uumuke, na wageni walipoamka mikate ilikuwa mezani ingali ya moto. Saa nane mchana alikuwa huru. Alitembea hadi kwake Maweni, akala, akajinyoosha kidogo, kisha akashika jembe, maana nyuma ya nyumba alikuwa na kishamba cha mihogo na kunde. Jumatano na Jumamosi jioni alikwenda kanisani kuimba sauti ya chini katika kwaya. Hakuwa mtu wa kusemwa sana, kwa wema wala kwa ubaya.

Mpishi mkuu wa zamani alipostaafu, meneja alimwita Simeon ofisini. Meneja huyo, Bwana Joram, alikuwa mtu wa bara aliyependa mambo yaende kwa saa. Alimwambia kwamba yeye ndiye mkongwe wa jikoni na nafasi ni yake. Simeon hakuwa ameiomba, lakini hakuona namna ya kuikataa. Nani hukataa kitu kama hicho? Mkewe, Nyevu, alipozisikia habari aliinua macho kulitazama paa la makuti. Alikwisha kuona mabati.

Cheo kilikuja na koti jeupe, funguo za stoo na meza ndogo ya kuandikia. Kazi ikawa kupanga orodha za vyakula, kuvutana na wauza samaki, na kuamua nani apumzike Jumapili gani. Unga hakuugusa tena. Alirudi nyumbani watoto wamelala na kuondoka hawajaamka. Kunde zililiwa na mbuzi wa jirani. Kwaya ilitafuta mtu mwingine wa sauti ya chini. Mabati yalinunuliwa, yakapigiliwa, na masika yalipoanza kuyagonga, Simeon alikuwa hotelini.

Asubuhi moja mwoka mikate mpya aliugua. Simeon akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia mwenyewe kwenye unga. Nahashon, mpishi wa pili aliyetoka Ukambani, alimkuta pale.

"Leo mzee unaimba," alisema Nahashon.

Simeon hakuwa na habari kwamba anaimba. Aliendelea kukanda. Lakini neno lile lilimkaa. Alijaribu kukumbuka lini tena aliimba jikoni tangu apewe funguo, asikumbuke.

Wiki mbili alilizungusha kichwani. Jumapili ya zamu yake ya kupumzika alimwendea Nyevu uani, akamkuta akichambua mchicha.

"Mama Kadzo, nataka kurudi kwenye mkate."

Nyevu hakuinua kichwa mara moja. "Umegombana na mtu?"

"Hapana."

"Kazi imekushinda?"

"Naiweza. Siipendi tu."

"Na vile vyumba viwili tulivyosema tutaongeza?"

"Vitachelewa. Pengine havitakuwapo."

Nyevu aliendelea kuchambua mpaka mchicha ukaisha ungoni. "Nisikudanganye, Baba Kadzo, sikufurahi," alisema. "Vile vyumba nilikwisha kuvitandika kichwani mwangu. Lakini miezi hii nimekaa na mgeni anayekuja kulala tu. Fanya unavyoona."

Bwana Joram aliisoma barua mara mbili.

"Mshahara haukutoshi, Menza?"

"Unatosha, bwana."

"Barua kama hii sijapata kuipokea."

"Nami sijapata kuiandika."

"Watu watasema umeiba, nami nikakushusha."

"Watasema."

Na kweli walisema. Wengine walisema ni sukari ya stoo, wengine kwamba amerogwa na waliokitaka cheo, na mzee mmoja wa kanisa alisimama akamwombea kwa jina mbele ya watu wote. Hilo lilimuuma Simeon kuliko alivyotazamia. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akifika ibadani kwa kuchelewa na kutoka mapema. Kisha watu wakapata jambo jingine la kuzungumza. Kwaya ilimpokea tena, ila safu ya mbele ilikuwa imejaa, akasimama nyuma.

Chumba kimoja kiliongezwa, si viwili. Simeon alikikandika udongo kwa mikono yake baada ya kazi, na kilimchukua sehemu kubwa ya mwaka.

Nahashon alikishika cheo, na kilimfaa. Alizipenda orodha, na wauza samaki walimwogopa. Mwaka 1987 alichukuliwa na hoteli kubwa Mombasa, na mwaka uliofuata alikuja Maweni kuwasalimu akiendesha gari lake mwenyewe. Simeon alilizunguka gari, akalisifu kwa dhati. Alijichunguza aone kama ana kijiba cha roho. Kilikuwapo, kidogo.

Nyevu aliwaandalia mihogo ya nazi. Walipokuwa wakila, Nahashon alimuuliza taratibu:

"Mzee, hujuti?"

"Kuna siku najuta," Simeon alijibu. "Hasa nikiona nyumba za wenzangu zinavyopanda. Siku nyingi sikumbuki."

Nahashon aliitikia kwa kichwa, akaongeza mchuzi. Aliaga mapema ili awahi feri ya Kilifi kabla foleni haijawa ndefu. Simeon alimsindikiza hadi barabarani, akabadili shati, akaenda kupalilia.