Kibanda cha Maungamo Katikati ya Kabichi

Chekeni tu, nimeshazoea. Nilibaki na chupi mbele ya mama mkwe wangu, tena chupi iliyoshonwa kwa gunia la unga, maandishi yote matakoni, na kwa kuwa yeye mwenyewe ameshaisimulia sokoni Kikula mara nyingi kuliko mimi, sina tena cha kuficha.

Miaka ile mishahara ilikatika, kiwanda kikanyamaza, tukageuka wakulima. Uwanja wa kambi ya wafanyakazi uliojaa vifusi tukaufanya bustani: milango ya ofisi ikawa uzio, beseni la kuogea la mkubwa fulani likawa tangi la maji, na kanisa dogo la kambi lilipobomolewa, mupe (ndivyo tunavyomwita padri) akaniachia kibanda cha maungamo pamoja na pazia lake. Nikakisimamisha katikati ya kabichi, miche ikae kivulini. Nilijivuna, jamani!

Jumamosi ya kuamkia Pasaka nikaenda kumwagilia na suruali yangu ya kanisani (sikuwa na nyingine), nikainama kuchota maji, nikateleza, pu! ndani ya beseni. Nikaifua, nikaianika kwenye uzio, nikasema acha nijifiche kibandani nyuma ya pazia mpaka ikauke, nani ataniona?

Mara nikasikia mtu anapiga magoti upande wa pili.

"Mupe, unibariki, minye niko na zambi."

Mungu wangu! Maman Kapinga, mama mkwe wangu! Kwetu Waluba mkwe hata kula mbele ya mama mkwe hali, sembuse kumtokea uchi. Ni kosa la kukurudishia mke kwao. Nikakohoa kidogo tu, naye akachukua kikohozi hicho kuwa ruhusa.

"Minye njo naibaka kabichi ya mukwe yangu, mupe. Halafu nasema ni mbuzi ya jirani."

(Kumbe mwizi wa kabichi zangu ni yeye! Na mimi na jirani hatusalimiani kwa ajili ya mbuzi huyo!)

"Rozari tatu," nikanguruma.

Akaondoka amefurahi, akawatangazia watu njiani kwamba kuna padri mgeni kutoka Kapolowe anaungamisha bustanini, penye baridi nzuri, na muda si muda foleni ikafika barabarani. Hata mupe wetu mwenyewe akaja kwa baiskeli, amsalimie mwenzake. Hakupanga foleni. Alivuta pazia.

"Baba Ntumba! Weye njo uko humu?"

Nikaruka kusimama, nikageuka kuficha uso, na foleni nzima ikasoma gunia.

"Mamu wee!" Maman Kapinga, aliyekuwa amerudi na watu wake, akajifunika kitambaa. "Mukwe ananionyesha matako!"

Mke wangu alifunga mizigo siku ileile, akasema habaki mpaka mama yake apozwe. Mupe naye akaniapisha: nililolisikia mle kibandani nisilitoe kwa yeyote. Basi wazee wa ukoo walipoketi, mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

"Utamupatia mama mbuzi," wakasema.

"Mbuzi sina."

"Basi kabichi yote."

Maman Kapinga akatazama chini. "Ile inatosha," akasema taratibu.

Nilitaka kumtaja mwizi palepale, lakini mke wangu alikuwa mlangoni na mizigo kichwani, akinitazama. Nikapiga magoti, nikamshukuru mwizi wangu kwa huruma yake, na kesho yake nikamsaidia kubeba. Siku hizi suruali ikilowa, inakaukia mwilini.