Lori Lililopashwa Moto

Siku moja sitaisahau, Mwanangu, hata nikisahau jina langu: siku niliyokwenda gereji kununua lori kuukuu, enzi za Wabelgiji, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville. Nilikuwa kijana, nimevaa tai. Tai ya kununulia lori! Cheka tu, ruksa.

Miaka mingi nilikuwa shoferi wa tajiri mmoja, nikibeba mbao zake hadi Kambove na kuweka akiba. Nilitaka lori langu mwenyewe, nilete samaki kutoka Kasenga. Lakini ujana una kiherehere. Kabla sijanunua, nilikwisha kuacha kazi, nimealika majirani, na mama amechinja kuku. Nikirudi kwa miguu, uso ningeuficha wapi? Na lori likinifia njiani, jasho langu lote limekwenda na maji.

Nilifuatana na mjomba Ramazani, mfua vyuma, mtu wa Maniema. Kusema kweli nilimwonea haya kwa kanzu yake iliyotobolewa na cheche, nikamwomba akae kimya.

Mwenye gereji, Mzungu mwenye sauti kubwa, alitupokea na lori jekundu lililopakwa rangi juzi, linanguruma tayari. Nikaanza kutoa mfuko wa pesa. Mjomba akaweka kiganja juu ya boneti.

"Bwana, zima moteri," akasema. "Tutangoja ipoe."

"Kungoja nini? Iko muzuri! Bantu wengine banaitaka leo leo!"

Nikamnong'oneza mjomba kwamba nyumbani wageni wanatungoja. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Muipwa," akasema, maana mimi ni mtoto wa dada yake, "unanunua kamio ao unanunua vigelegele? Chuma ikiwa moto inakubali kila kitu. Ikipoa, itasema kweli."

Tukakaa juu ya matairi. Mjomba akaswali adhuhuri, akatafuna mihogo yake bila wasiwasi. Baridi ya Juni ilipenya hadi mifupani, mafundi wakatucheka, nami nilitamani ardhi inimeze. Alasiri akanipa manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini. Nikazungusha mpaka tai ikalowa jasho. Lori jekundu likakohoa mara mbili, likanyamaza kabisa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mjomba akaelekeza kidole nyuma ya uwanja, kwenye lori la kijivu, vumbi tupu, taa moja imefungwa kwa waya.

"Na ile?"

"Ile hapana ya kuuzisha," Mzungu akajibu. "Iko ya kuvuta kamio zenye zinakufa njiani."

"Basi ndiyo ile tunataka."

Mafundi wakaangua kicheko, na safari hii hawakutucheka sisi. Mzungu akatazama mfuko wangu, akatazama lori lake jekundu, mwishowe akakubali kwa kununa. Nikazungusha manivela mara moja tu. Likawaka!

Ee Mwanangu, nilivyoingia mtaani! Nilipiga honi tangu njia panda, mjomba amekaa mbele kama chifu, mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kuku alikuwa amepoa, tukamla hivyo hivyo. Lori lile liliniletea samaki wa Kasenga miaka na miaka, likajenga nyumba hii unamokaa, na hadi leo nikilifikiria najivuna, sifichi.

Kwa hiyo nakuambia: usialike watu kwenye sherehe ya kitu ambacho hujakishika mkononi, maana kuwaonea haya kutakununulia ubovu. Anayekuuzia akikuharakisha, wewe kaa kitako. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Usiulize muuzaji anasifu nini; tazama yeye mwenyewe anategemea nini akiwa na shida. Na mzee wako mwenye kanzu iliyotoboka, mtangulize mbele, usimfiche.

Mungu akupe subira ya kungoja na nguvu ya kuzungusha, na kila utakachokinunua kwa jasho lako kikufikishe nyumbani. Amina.