Maombi Mbele ya Kabati la Bastola

Mume wangu Vénant ana bastola. Chekeni kwanza, mmalize. Ni kuukuu ya Kijerumani, ile ya silinda inayozunguka, rangi imechubuka na kifyatulio ni kigumu. Mzee mmoja wa klabu yao ya kulenga shabaha alimwachia kwa bei ya viatu. Inakula virisasi vidogo kama punje za maharage, vile vinavyogongwa ukingoni mwa kitako ndipo vilipuke. Polisi walimpa kibali baada ya mazoezi ya mwaka mzima, ndipo kabati la chuma likafungwa ukutani, chumbani kwetu hapa Spånga, Uswidi.

Chumbani kwangu! Mimi Leokadia wa Bukoba nilale na silaha? Nikamwambia, "Baba Tania, chagua: hiyo au mimi." Akanyamaza. Warundi wanajua kunyamaza, jamani! Miaka kumi na saba ya ndoa, nilijua tu kwamba baba yake alikufa vitani, basi.

Nikafanya la kwetu wanamaombi. Jumamosi moja, yeye akiwa kazini, niliwaita akina mama wa kikundi waje tuivunje hiyo roho ya mauti. Tulilizunguka kabati, mikono juu yake, kiongozi wetu Veronica akalipaka mafuta ya upako mpaka kwenye tundu la ufunguo. Tukakemea, "Toka! Toka!" Vénant akaingia. Zamu ilikuwa imeisha mapema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakugomba. Aliketi kitandani, akasema kwa kuwa tuko kwenye maombi, naye atoe ushuhuda.

"Nilikuwa na miaka tisa. Tulijificha kwenye migomba. Nilisikia mlio mmoja, nikajua ni baba. Tangu siku hiyo, hata mlango ukijibamiza nasikia ule ule. Klabuni risasi naweka mwenyewe, navuta mwenyewe. Mlio unatoka, na hakuna aliyekufa. Ni karatasi tu imetoboka."

Veronica alitafuta kitambaa, akaanza kufuta mafuta.

Mimi nililia, tena kwa hasira. Kumbe chuma kile kilikuwa kinamjua mume wangu kuliko mimi! Lakini angeniambia saa ngapi, nami kila akifungua mdomo nimeshamjibu?

Kesho yake baada ya ibada tulikwenda wote klabuni. Nilivaa vizuia sauti masikioni, na bado kila mlio ulinirusha. Yeye mkono haukutikisika. Alipiga tano, akafungua silinda, akanionyesha kwamba ni tupu, akaiweka mezani. Wenzake nao walikuwa wamemaliza. Nikavua vile vya masikioni, nikamuuliza,

"Baba aliitwa nani?"

"Bigirindavyi."

Kwao mke hatamki jina la baba mkwe, ni utovu wa adabu. Nililijua hilo vizuri. Nikalitamka hata hivyo, kwa sauti, mara mbili, ili mahali penye bunduki isisikike milio tu, lisikike na jina lake. Vénant hakunikataza. Alinishika mkono, akalia mbele ya Waswidi wote wale.